Nani Akae Pembeni

Jumatatu, 1 Septemba

Leo ni wiki tatu na siku mbili tangu niwe mke wa Høgni, na nikiandika "mume wangu" kalamu yenyewe inataka kucheka. Nimenunua daftari hili mjini Klaksvík wakati wa mapumziko ya mchana, niiandike furaha yangu kabla sijaizoea. Mama aliniambia kila mtu huizoea. Mimi sitaki.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tunatoka kijijini pamoja, yeye anakwenda kiwanda cha samaki, mimi duka la mikate. Njia inapita handakini, lile la zamani: giza tupu, maji yanadondoka mwambani, upana wa gari moja. Høgni anaendesha kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ninao mimi.

Katikati ya handaki hukutana nasi gari la njano. Høgni huvuka upande wa kushoto, akaingia katika mojawapo ya zile sehemu za kupishana zilizochongwa ukutani, zenye kibao cha herufi M, akapunguza taa, akangoja. Gari la njano hupita. Høgni huinua mkono.

"Ni nani?" nilimuuliza.

"Elspa. Anakaa mjini, anakuja kuwahudumia wazee wa kijijini."

Nimeolewa na muungwana.

Alhamisi, 4 Septemba

Imeamuliwa. Kuanzia Januari Høgni atahamia zamu ya alfajiri, na basi la kwanza la kijijini linanichelewesha kazini. Lazima niwe na leseni kabla ya mwaka mpya. Nimekulia mji mkuu, Tórshavn, ambako nilikwenda kila mahali kwa miguu au kwa basi, kwa hiyo ninaanza sifuri. Høgni amenibusu paji la uso na kusema nitakuwa dereva mzuri kuliko yeye. Ninampenda hata anapodanganya.

Jumanne, 9 Septemba

Darasa la kwanza. Mwalimu wetu anaitwa Pól, ametoka kisiwa cha Suðuroy, ana sharubu na mzaha mmoja kwa kila alama ya barabarani. Tuko tisa. Wenzangu wana miaka kumi na saba, mimi ishirini na nne, wananiita shangazi. Mtihani wa nadharia ni mwanzoni mwa Desemba. Nimejifunza kwamba ukigonga kondoo huruhusiwi kuondoka, hata kama kondoo ndiye mwenye makosa.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua. Tumekaa kitandani hadi saa nne. Sina la kuandika ambalo mama akilisoma nitapona.

Jumanne, 23 Septemba

Leo Pól ametufundisha mahandaki ya njia moja.

"Handakini hakuna adabu," alisema. "Kuna upande. M ikiwa mkono wako wa kulia, ni yako: wewe unaingia, wewe unasubiri. Ikiwa mkono wa kushoto, unapita na mwenzako ndiye anayesubiri. Ukianza kuwa mpole, mnakutana wapole wawili katikati na kulala humo."

Nikachora handaki letu pembeni mwa kitabu. Kijiji huku, mji kule. Tukitoka nyumbani asubuhi, M zote ziko kushoto. Nikachora tena, nikigeuza kitabu. Bado kushoto.

"Mwalimu," nikauliza, "na mtu mwenye haki ya kupita, lakini kila siku anakaa pembeni?"

"Basi ama hajui sheria, shangazi, ama anampenda mtu."

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka.

Jumatano, 24 Septemba

Nimehesabu. Lori la samaki: Høgni alipita, lori likaingia kwenye M. Gari la posta: Høgni alipita. Gari la njano: Høgni alikaa pembeni.

Kwa dereva wa lori aliinua kidole kimoja juu ya usukani, kama wafanyavyo wote hapa. Kwa Elspa aliinua kiganja kizima.

Alhamisi, 25 Septemba

Hivyo hivyo.

Ijumaa, 26 Septemba

Hivyo hivyo. Mvua inapiga kwa upande.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemuuliza wakati wa kuosha vyombo, kwa sauti ya mtu anayesoma tu kwa ajili ya mtihani.

"Mpenzi, asubuhi M ni za nani handakini?"

"Za wanaotoka mjini."

"Kwa hiyo wewe una haki ya kupita."

"Ndiyo."

"Na Elspa anatakiwa kusubiri."

Alikausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. "Ni mazoea tu, Turið."

Mazoea. Kuna neno gani baya zaidi mbele ya mke mpya? Mimi nina wiki saba. Mazoea yana miaka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya kuchinja. Kondoo waliteremshwa kutoka mlimani jana, leo nyumba nzima inanuka damu na sabuni. Mimi na mama mkwe wangu, Malan, tulikuwa tunasafisha matumbo. Baba mkwe, Jóan Petur, alikaa kwenye kiti na fimbo yake kati ya magoti, akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Mguu wake wa kulia haukunjiki. Niliwahi kuuliza umefanya nini, akasema, "Umezeeka kabla ya mwenzake."

Høgni alipita akiwa na sweta lake la kijivu, lile lenye nyota kifuani. Nikamwambia Malan kuwa limefumwa vizuri sana, nikidhani ni kazi yake.

"Ah, hapana mwanangu, mimi sina subira ile," akasema. "Hilo ni la Elspa. Yule ana mkono."

Halafu akayakumbuka matumbo, akayainamia kama ndiyo mara ya kwanza kuyaona.

Huku kwetu msichana hamfumii mwanamume sweta bure. Kila mtu anajua maana yake. Nimemaliza kazi yangu yote kwa tabasamu, na kisu sikukiweka chini.

Jumapili, 12 Oktoba

Høgni na Elspa walikuwa pamoja miaka mitatu. Amekiri kabla hata sijamaliza swali. "Yamekwisha muda mrefu," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu yamekwisha."

Nimelala nikimkumbatia kwa nguvu, kama mtu anayelinda mzigo wake stendi. Ananipenda, najua ananipenda, ananipikia chai kabla sijafumbua macho. Lakini sweta liko pale kwenye kiti, linanitazama kwa nyota zake zote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimenunua sufu. Nitamfumia la kwangu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mkono mmoja wa sweta ni mrefu kuliko mwingine. Høgni amesema ataukunja. Nimelia, halafu tukacheka, halafu nikakumbuka na nikaacha kucheka.

Leo nilikuwa likizoni na nilimwona Elspa kwa mara ya kwanza akiwa nje ya gari lake, kwa mbali, kutoka dirishani. Koti la buluu, kofia imeshuka hadi machoni. Anahudumia nyumba tatu za jirani zetu. Akifika kwenye lango letu anavuka barabara, anapita upande wa pili uso ukitazama chini, kisha anavuka tena kurudi. Mtu asiye na hatia hupita langoni pa watu akasalimia.

Nimeandika hapa ili niwe shahidi wa nafsi yangu: nitafaulu mtihani, nitapata leseni, nitaingia handakini peke yangu, na yule mwanamke ataingia kwenye M yake na kunisubiri mimi. Sitaki zaidi ya haki yangu. Nataka tu akae pembeni.

Jumanne, 28 Oktoba

Umbali wa kusimama. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Pól anasema watu wengi hufa kwa kutojua hesabu hii. Nimepata yote katika zoezi la leo. Vijana wanataka kunakili kwangu.

"Shangazi, unasoma saa ngapi?"

"Kila saa."

"Mumeo analalamika?"

"Mume wangu," nikasema, "ana mazoea ya kusubiri."

Hawakuelewa. Nilijisikia mwerevu hadi nilipofika kituo cha basi.

Jumatano, 5 Novemba

Somo la tatu la kuendesha. Gari limenizimikia mara nne tu. Kurudi rivasi ninaweza kwa mita kumi, baada ya hapo gari linakuwa na mawazo yake.

Jumapili, 9 Novemba

Upepo. Mlango wa banda la jirani umeruka hadi baharini. Hatukutoka.

Jumatano, 12 Novemba

Lazima niandike yote, kwa mpangilio.

Høgni alikuwa ameondoka mapema na mwenzake wa kiwandani, kwa hiyo Pól alikuja kunichukua nyumbani ili niendeshe hadi mjini. Saa moja kasoro. Giza na mvua. Nilipoingia handakini nilijua nitakutana naye. Nilijua kama unavyojua siku ya malipo.

Taa zikatokea mbele. Gari lilisimama umbali wa magari matatu kutoka kwetu, sambamba kabisa na M. Kibao kilikuwa mkono wake wa kulia, kinang'aa. Alihitaji kugeuza usukani tu.

"Ni zamu yake," Pól akasema. "Simama, punguza taa, ngoja. Huna kosa."

"Najua sina kosa, mwalimu," nikasema. Sidhani kama nimewahi kusema neno lolote kwa raha kiasi kile.

Tukangoja. Gari la njano halikusogea. Pól akanyoosha mkono na kuwasha taa mara mbili, kumwonyesha njia ya kuingia. Halikusogea.

"Amelala huyu?"

"Hajalala," nikasema. "Amezoea kupishwa."

Mlango wa gari la njano ukafunguliwa. Elspa akashuka akiwa na simu mkononi, taa yake imewashwa. Nilidhani anakuja kwetu, na nilikuwa na maneno tayari, nimeyatunza tangu Septemba. Hakuja. Aliingia ndani ya M kwa miguu. Akamulika kona ya kwanza, akamulika ya pili, akainama na kumulika chini ukutani, polepole, kama mtu aliyedondosha pete. Hapakuwa na kitu. Nilikiona kile kishimo chote kwa taa zangu: mwamba, maji, kibao.

"Anatafuta nini?" Pól akauliza.

Akarudi garini. Magurudumu yakageuka kulia. Gari likasogea hatua moja, likasimama. Akashuka tena, akaingia tena ndani ya M, akamulika tena kona zile zile.

Nyuma yetu ikaja mwanga mwingine. Lilikuwa basi dogo la kijijini. Nilifurahi: sasa tuko wawili wenye haki. Dereva wake, mzee mmoja mnene anayeitwa Mikkjal, akatembea hadi dirishani kwangu, amevaa fulana ile inayong'aa gizani.

"Wewe ndiye mke wa Høgni?"

"Ndiyo."

Alitazama mbele, akamwona Elspa amesimama ndani ya M na simu yake. Akapangusa uso.

"Basi hakuna aliyekuambia," akasema. "Mimi nitarudi nyuma kwanza, kisha wewe, mama. Iko M nyingine mita mia moja na hamsini nyuma yako. Elspa sisi wote tunampisha."

"Wote?"

"Kijiji kizima. Posta walikuwa hawajui, tumewaambia juzi."

"Lakini sheria inasema..."

"Sheria tunaijua, mwanangu. Rudi nyuma."

Mikkjal alirudisha basi lake kana kwamba ni baiskeli. Halafu nikaweka rivasi. Mita mia moja na hamsini, giza, kioo kimejaa mvuke, Pól akisema kwa sauti ya chini, "Kushoto kidogo. Kidogo. Sasa nyoosha." Niligusa ukuta mara moja. Nilipoingia kwenye M nikapunguza taa na kungoja.

Gari la njano likapita. Nilimwona nusu sekunde tu, mikono yote miwili imeshika usukani hadi vifundo vyeupe. Hakuinua kiganja. Hakuinua hata kidole.

Jioni

Nilimsubiri Høgni, lakini aliyeanza ni Baba mkwe. Kijiji chetu kina nyumba kumi na tisa, habari ilikuwa imefika kabla yangu.

"Nasikia umemzuia Elspa handakini."

"Nilikuwa na haki ya kupita, Baba."

"Ulikuwa nayo," alisema. "Na mimi nilikuwa na mguu. Kaa."

Nikakaa. Malan akazima redio.

Miaka miwili iliyopita kondoo wake dume alikimbilia handakini, naye akamfuata kwa miguu. Kukasikika gari. Alifanya kama afanyavyo kila mtu, akaingia ndani ya M ajibanze ukutani. Alikuwa amevaa sweta jeusi na suruali nyeusi. Elspa alikuwa anatoka mjini, akaona lori linakuja mbele yake, akafanya kile hasa ambacho sheria inamtaka afanye. Aliingia kwenye M.

"Viakisi, vile vya kung'aa gizani, ulikuwa navyo?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Ni swali la kitabuni.

"Mama yako hapa alininunulia viwili."

"Na vilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimemfunga navyo kondoo. Yeye ndiye niliyekuwa namtafuta gizani." Akagonga mguu wake kwa fimbo, kama abishaye mlango. "Kwa hiyo kosa lilikuwa la nani? La kwangu. Nilimwambia hospitalini, nikamwambia tena. Haliingii kichwani kwake. Kwenye M haingii tena, hata iwe mchana, hata iwe tupu. Nikawaambia watu wa hapa, basi mpisheni, na msiliongelee, maana mkiliongelea kila siku hatapona. Nadhani hilo la pili nilikosea. Hakupona, na wewe hukujua."

Malan akawasha redio tena.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimezungumza na Høgni, hatimaye, garini, mbele ya duka la mikate, kioo kimejaa mvuke.

"Ungeniambia."

"Baba alitukataza."

"Mimi ni mkeo, si posta."

Hilo lilimwingia. Akaniomba radhi, radhi ya kweli. Ningeachia hapo. Mwanamke mwenye akili angeachia hapo.

"Ungemwoa?" nikauliza.

Alipangusa mvuke kiooni. "Ningemwoa. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kuketi kila Jumapili mbele ya mguu wa Baba."

"Kwa hiyo isingekuwa ule mguu, mimi nisingekuwepo."

"Turið. Nilikuja kwenu Tórshavn nimsahau. Nikakuona wewe, nikasahau hata kwamba nilikuja kusahau."

Ni sentensi nzuri. Nimeikagua pande zote siku nzima, kama mtu anayenunua gari la mitumba, nikitafuta kutu. Sijaipata. Lakini bado naikagua.

Jumatatu, 17 Novemba

Gari la njano halikuja.

Jumanne, 18 Novemba

Halikuja. Høgni alipita katikati ya handaki bila kupunguza mwendo. Nilichotaka ndicho hicho hasa.

Jumatatu, 24 Novemba

Malan anasema Elspa ameomba kuhamishiwa wazee wa mjini. Ametumwa mwanamke mwingine, anayekuja saa tatu badala ya saa moja, kwa hiyo bibi wa nyumba ya chini anakaa kitandani na nguo za usiku hadi saa nne. Hakuna aliyenilaumu. Mikkjal ananisalimia kama kawaida. Wote wananisalimia kama kawaida, ndilo linalonichoma.

Jumanne, 2 Desemba

Zoezi la mwisho darasani, sikukosa hata moja. Sikuona ladha yake.

Jumanne, 9 Desemba

Mtihani. Picha moja baada ya nyingine, chumba cha joto, saa ya ukutani inayosikika. Baiskeli kulia. Mtoto nyuma ya basi. Kondoo jike upande huu, mwanakondoo upande ule. Halafu handaki: taa mbele yako, M mkono wako wa kushoto. Nani anasubiri?

Niliijua. Niliijua kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Nikaweka alama kwa mwenzangu, kama sheria inavyotaka, na mkono wangu ukawa mzito kama wa mtu anayetia saini hukumu.

Nimefaulu. Makosa mawili, yote ya matairi. Pól akanishika bega. "Hongera, shangazi. Sasa bado mtihani wa barabarani."

Sikwenda kituo cha basi. Nilikwenda kwa Elspa. Nyumba ya kijani juu ya bandari. Nilikuwa naijua tangu Oktoba, nisiulizwe kwa nini. Gari la njano lilikuwa nje. Nikagonga kabla sijajihurumia.

Alifungua mwenyewe. Alinitambua mara moja.

"Ule ukuta wa handakini," alisema. "Ulikwaruza gari la mwalimu?"

"Kidogo."

"Ni mimi niliyesababisha."

"Ni mimi." Tulikuwa tunapishana mlangoni, kila mmoja anataka kukaa pembeni. "Dada, nimefaulu nadharia leo. Januari nikijaliwa nitakuwa na leseni, nitakuwa napita pale kila asubuhi peke yangu. Nimekuja kukuambia kwamba nikiona taa zako, nitakaa mimi."

Aliegemea mwimo wa mlango.

"Upande wako hakuna M," akasema. "Zote ni za kwangu."

"Najua. Nimetoka kufanya mtihani."

Alicheka. Hakutaka kucheka, lakini alicheka, akafunika mdomo kwa mkono.

"Na bibi wa nyumba ya chini," nikaongeza, "anaamshwa saa nne."

"Saa nne?"

"Na nguo za usiku."

Hakuahidi chochote. Alisema angempigia simu mkubwa wake wa kazi kesho, akauliza kama nataka kahawa, nikasema basi langu linaondoka, na lilikuwa linaondoka kweli.

Usiku huu Høgni ameniandalia karamu: madonge ya samaki, viazi, jamu ya Malan ya mabua machachu ya rubabu. Ameukunja mara mbili ule mkono mrefu wa sweta nililomfumia, akalivaa mezani mbele ya wazazi wake. Nimewasimulia yote, mtihani, matairi, nyumba ya kijani, kicheko. Baba alisikiliza, akaomba viazi vingine. Høgni alinishika mkono chini ya meza na hakuuachia hadi ilipoletwa supu tamu ya matunda.

Nimewaambia kila kitu isipokuwa kimoja. Miezi mitatu nilimjua Elspa kama taa mbili, kofia na koti. Leo nimemwona mlangoni, kichwa wazi, mchana, hatua moja kutoka usoni pangu. Ni mzuri sana. Hilo Høgni hatalisikia kutoka kwangu.